Mabamba ya Bi Zuwena

Vijana wangu, sakafu ikishamwagwa zege haina toba. Ukuta ukikosea unatoa matofali mawili ukachungulia ndani. Paa likivuja unapanda ngazi. Bomba la jikoni likidondosha maji unaweka ndoo chini yake ukaenda kutafuta spana. Lakini kilicho chini ya zege kimeshazikwa, na mwenye nyumba atakikanyaga mpaka afe bila kukiona. Kazi yangu hapa Landani, tangu mwanzo wa miaka ya tisini mpaka magoti yaliponikatalia, ilikuwa kukizika hicho kitu, na sasa nimeombwa niwaandikie nyinyi mnaotaka kuishika kazi hii. Sina hakika kama mimi ndiye wa kuombwa. Skuli niliiacha darasa la saba kule Unguja, na mafundi walionishinda nawajua kwa majina. Ila wao hawaandiki, na mimi nina mazoea ya kuandika kidogo kila jioni kabla sijasahau. Basi nitasema ninayoyajua, na nisipokuwa na hakika nitawaambia.

Sakafu ya joto watu wanadhani ni mabomba. Mteja anakuja kuona mabomba, anapiga picha ya mabomba yalivyojikunja vizuri kama chapati za maji, anafurahi. Mabomba ni maonyesho tu. Maji ya moto yanapita ndani yake, zege linapata moto, na hapo ndipo swali linapoanza: joto hilo linakwenda wapi? Joto halina akili ya kujua kuwa wewe uko juu. Linakwenda kokote palipopoa, na hakuna palipopoa kama udongo wa Landani mwezi wa Januari. Kwa hiyo chini ya mabomba kunawekwa insuleshen, mabamba ya povu gumu yanayolizuia joto lisishuke. Ukikosea hapo, umewanunulia wadudu wa ardhini mtambo wa kujipashia moto.

Aliyenifundisha mabamba alikuwa Con, foremani wangu, Mwairishi mfupi mwenye shingo nyekundu mwaka mzima. Chakula cha mchana hakukila kwenye kiti. Alitandika bamba juu ya udongo mtupu, akalala chali juu yake na kikombe cha chai kifuani, akafumba macho. Wiki za mwanzo nilidhani ni mvivu. Siku moja akaniamuru nilale na mimi, kila mmoja na bamba la aina yake, na nisiinuke mpaka chai iishe. Nilipoinuka mgongo wangu ulikuwa umepoa kama samaki wa sokoni, wa kwake mkavu na wa moto. Akasema hiyo ndiyo skuli yote, hakuna nyingine. Mpaka nastaafu, bamba nisilolijua nililala juu yake kwanza. Wenzangu walinicheka. Nanyi chekeni, lakini laleni.

Aina zenyewe si nyingi. Lipo jeupe la punjepunje, ndugu wa lile linalokuja ndani ya sanduku la televisheni. Msilidharau. Ila lipo lililoshindiliwa kwa ajili ya kubeba zege, na lipo la kufungia mizigo, na kwa macho yanafanana mno. Likanyage kwa kisigino: likibaki na shimo, lirudishe dukani. Lipo la waridi, au la buluu, limeshikana ndani kama jibini na maji hayaliingii; hilo ndilo la kuweka penye udongo wenye unyevu. Na lipo la manjano lililovikwa karatasi ya fedha, jembamba, lakini linazuia kuliko wenzake. Hilo ni la pale mlango ulipo chini na huna nafasi ya kuchimba zaidi. Zege bichi linaila ile fedha, kwa hiyo lifunike nailoni nzito kabla ya kumwaga.

Na lipo la nne, halimo dukani. Ni lile lililokwishatumika mahali pengine. La namna hiyo usilitazame, linyanyue. Bamba zuri linakushangaza kwa wepesi. Likiwa zito kuliko linavyoonekana, limekunywa maji, na bamba lililokunywa maji halizuii joto, linalisafirisha.

Mtaniona nazunguka. Ni kweli, nazunguka. Niacheni niwape kwanza kisa cha Stanmore, kaskazini ya Landani, kwa sababu kile hata mimi nacheka.

Palikuwa na mama mmoja Mhindi, Mama Shirin, mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kizuri kuliko cha watoto wangu. Alitaka jiko lake kubwa liwe na sakafu ya joto. Mabamba nilikata mimi, kwa msumeno wa mbao, haraka haraka, na kwenye kona nikaacha nafasi za kupitisha vidole viwili. Nikajiambia zege litaziba. Zege likaja, jepesi kama uji wa wagonjwa, likaingia kwenye zile nafasi, likapita chini ya mabamba. Povu ni povu, vijana. Bamba la kwanza likainuka na mabomba yake, likafuata la pili. Mama Shirin alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya kachori.

"Fundi," akaniuliza kwa upole, "mbona sakafu yangu inaamka?"

Tukaingia na mabuti, tukalitoa zege kwa majembe na mikono kabla halijashika. Yeye kakaa kwenye ngazi anacheka mpaka anajifuta machozi. Akasema watu wa visiwani tunajua kuelea, lakini jikoni kwake hakuagiza bandari. Tangu siku hiyo nakata kwa kisu kirefu, bamba linabanana na jirani yake, viungo vinapishana kama matofali, vinagandishwa utepe, na zege linaanzia katikati, sio kwenye kona. Na ukutani kote unasimamisha ukanda wa povu, kwa sababu joto haliendi chini tu, linatoroka kwa ubavu, kwenye kuta za nje. Hilo likumbukeni. Chumba kidogo chenye kuta nyingi za nje kinapoteza joto kuliko ukumbi mkubwa. Katikati ya ukumbi mkubwa udongo wenyewe umeshakingwa pande zote. Kingo ndizo zinazokufa baridi.

Sasa niseme ya Ilford, mashariki ya Landani.

Jumuiya yetu ilinunua karakana ya zamani ya magari, nyuma ya barabara ya maduka, tuifanye ukumbi wa kuswalia na shughuli zetu, arusi, khitma, chuo cha watoto. Zege la zamani lilikuwa limelowa oili, haliwezi kuswaliwa, tukalivunja lote. Mbele palikuwa na ukumbi mpana, huo wa wanaume. Nyuma palikuwa na kibanda kilichopachikwa baadaye, kuta tatu zote za nje, hicho cha akina mama.

Aliyetaka sakafu ya joto hakuwa mwanamume. Alikuwa Bi Mize, mwanamke wa Pemba, wakati huo keshapita sabini, magoti yake mabovu. Si mama yangu, lakini mwezi niliofika nchi hii nilikula kwake. Alikaa peke yake ghorofa ya juu, na safari yake pekee kwa wiki ilikuwa kuja kuswali na wenzake. Alisema kule kwao alikuwa akisujudu alasiri kwenye sakafu iliyoshinda na jua, na goti likimlainika kama limekandwa. Hapa anasujudu kwenye barafu, na daktari keshamwambia ahamie kwenye kiti. Kiti hakukitaka. Aliniambia siku atakayoswali kitini hatakuja tena, atabaki kwake, kwa sababu mtu hapandi mabasi mawili kwenda kukaa kwenye kiti. Basi yeye na wenzake wakapika, sambusa, visheti, mikate ya kumimina, wakauza kila Jumamosi mpaka mtambo ukapatikana. Lazima hili liandikwe: sakafu ile ilitoka jikoni kwao.

Mabamba mazuri, yale ya waridi, yalipatikana ya kutosha ukumbi wa mbele tu. Tukawa tunatafuta ya nyuma. Ndipo Mzee Haji akaja.

Mzee Haji alikuwa amefiwa na mkewe, Bi Zuwena, hata mwaka haujatimia. Alikuwa mlinzi wa ghala la barafu la samaki lililokuwa likivunjwa, na akawaomba wavunjaji wampe mabamba ya kuta. Aliyabeba mwenyewe, mzee yule, moja moja, akayaleta kwa gari ya mpwa wake. Juu ya kila bamba aliandika kwa kalamu nzito, kwa herufi za Kiarabu: Zuwena binti Ali. Alisema ni sadaka ya marehemu. Kila atakayesujudu juu yake, thawabu imfikie.

Nilinyanyua moja. Nikanyanyua la pili. Yalikuwa mazito kama godoro lililolala mvuani. Miaka ya barafu ilikuwa imeingia ndani yake, na pembe zilikuwa zimevimba.

Kikaitishwa kikao. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Seif, na nataka nimtendee haki, kwa sababu wengi siku hizi wanamlaumu yeye. Ramadhani ilikuwa inaingia kwenye baridi ile ile. Zege linahitaji wiki kadhaa kukauka kabla hujaruhusu moto upite, ukiharakisha linapasuka. Kusubiri mabamba mengine kulikuwa ni kuswali tarawehe kwenye ukumbi wa kukodi mwaka mwingine. Na mbele yake ameketi mzee aliyefiwa, kaleta sadaka kwa mgongo wake. Sijui mimi ningefanya nini kwenye kiti kile.

Mzee Haji alisimama akasema maneno machache. "Zuwena alikuwa akiswali na akina mama. Mabamba yake yakae na akina mama wenzake."

 Nikanyosha mkono. Nikaeleza habari ya kingo na kuta tatu. Nikasema mabamba ya waridi yaanzie chumba cha nyuma, na haya ya Mzee Haji, kama lazima yatumike, yakae katikati ya ukumbi wa mbele, ambako hasara yake itakuwa ndogo.

Mwalimu Seif akaniuliza taratibu, "Khamis, unamwambia Mzee Haji mabamba ya mkewe hayafai?"

"Sikusema hayafai. Nimesema yakae katikati."

"Katikati ya wanaume."

"Ndiyo, mwalimu."

Mtu wa nyuma, simtaji, ni mcheshi tu hana ubaya, akasema, "Ebo, marehemu mnamtia katikati ya wanaume?" Watu wakacheka. Mzee Haji naye akacheka, cheko dogo, la kwanza tangu msiba. Na kicheko kile ndicho kilichopitisha yaende nyuma. Hakuna aliyepiga kura.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani. Nilisema ukweli au niliufunga kitambaa? Nilisema "yakae katikati". Sikusema "yamelowa, ni takataka, chumba cha akina mama kitakuwa baridi mpaka Kiyama". Kwa mtu wa saiti ningesema hivyo hivyo. Kwa mzee aliyefiwa, mbele ya watu, kwa lugha ambayo mamangu alinifunza adabu nayo, sikuyapata maneno. Nanyi sijui kama mngeyapata. Mnaona, mimi ndiye niliyetakiwa niwape somo, na hapa hasa ndipo sina.

Bi Mize alikuwa jikoni na wenzake, pazia tu katikati, kila neno limemfikia. Nilipopita akanishika mkono wa shati.

"Upande wetu patakuwa na joto?"

"Patakuwa na uvuguvugu, bibi."

"Uvuguvugu unatosha. Mie si mkate."

Nilifanya nililoweza. Niliyasimamisha mabamba yale ukutani na feni mbele yake siku baada ya siku. Maji ya juu yalitoka, ya ndani hayakutoka. Con alikuwa keshastaafu, lakini nilimwita aje aone. Alinyanyua moja, akalirudisha chini polepole, akaniuliza kama nimegombana na wanawake hawa. Nikamweleza habari ya sadaka. Akatikisa kichwa, akavua kofia yake, akaivaa tena. Kesho yake akaniletea mabaki ya mabamba ya waridi kutoka kwenye banda lake, vipande vipande, nami nikavizungusha kwenye kingo za nje mpaka vikaisha. Havikufika ukuta wa mwisho.

Kisha nikayalaza ya Bi Zuwena. Hapo palizuka swali ambalo hakuna foremani aliyewahi kulipata: jina litazame wapi? Likitazama juu, watu watamkanyaga marehemu kwa jina. Nikayageuza yote, jina likatazama udongo. Unene wake haukuwa sawa, mengine yalicheza kama meza mbovu, nikayajazia mchanga chini. Nailoni, mabomba, maji ya shinikizo ndani ya mabomba usiku na mchana ili tone lolote lionekane kabla ya kuzikwa. Hilo msilisahau kamwe: bomba lijazwe na lipimwe kabla ya zege na wakati wa zege. Mabomba yangu yalikuwa salama. Zege likamwagwa. Lilikuwa zege zuri, limenyooka, ungeweza kuviringisha gololi.

Ramadhani ikaingia, mtambo ukawashwa, kidogo kidogo kama inavyotakiwa. Ukumbi wa mbele ukapata moto siku ya pili. Wanaume walivua soksi. Baada ya tarawehe wengine walijinyosha pale pale wakalala, watu wazima, madereva wa mabasi, wametulia kama paka. Walinijia mmoja mmoja kunishika mkono. Hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata katika kazi hii, na nilitamani wanyamaze.

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto sehemu moja tu, ukanda mwembamba mlangoni, mabomba yote yanapoingia yamebanana. Kwingine zege lilikaa vile vile, halipati moto, na kwenye ule ukuta wa mwisho ungedhani umekanyaga jiwe la mtoni. Akina mama waligundua ukanda ule usiku wa kwanza. Wazee wakawa wanaswali pale wamebanana, saf moja iliyopinda. Bi Mize, niliambiwa na mke wangu, alikuwa akifika mapema, akikaa pale, na akija mwenzake mwenye hali mbaya zaidi anampisha. Siku zote alikuwapo mwenye hali mbaya zaidi.

Wakaongeza mazulia. Zulia juu ya zulia, yanayotoka kwenye nyumba zao. Mtu wa kazi hii lazima ajue: kila zulia juu ya sakafu ya joto ni mlango uliofungwa, na joto likikuta mlango umefungwa juu linatafuta mlango wa chini. Na kule chini mimi sikuwa na mlango wa kuufunga. Nilijua wanajiharibia, sikuwaambia. Utamwambiaje mtu mwenye baridi avue shuka?

Na kila Ijumaa, Mzee Haji baada ya sala alikwenda mpaka kwenye ushoroba, akasimama mbali na mlango kwa adabu, akauliza kwa sauti, "Akina mama, mnapata joto?"

 Kisha sauti ya Bi Mize kutoka ndani: "Tunapata, Mzee Haji. Mungu amrehemu Zuwena."

"Amin," anasema, anaondoka na fimbo yake, mgongo umenyooka.

Wasichana waliozaliwa hapa walisema wazi, kwa Kiingereza chao, kwamba chumba ni friji, na mama zao wakawafinya. Mimi niliyasikia majibu ya Bi Mize kwenye ushoroba mara nyingi sana. Mwisho nilimwendea, nikamwambia aniache nikamweleze mzee, nivunje nitie mabamba mengine, sitaki chochote, nitafanya mwenyewe. Alikuwa anafunga kiatu, inamchukua muda. Hakuinua uso.

"Kampa maiti wake. Unataka mie nimrejeshee?"

"Bibi, magoti yako."

"Magoti ni yangu. Wewe na zege lako, nyamaza."

Nikanyamaza. Sikuwa peke yangu, tulinyamaza wote, ukumbi mzima wa watu wenye midomo. Kila mmoja alikuwa anamsitiri mwenziwe, na baridi ikapata mahali pa kukaa.

Majira ya baridi ya kwanza aliyavuka. Ya pili alikuja na kiti cha kukunja, akakiweka ukutani bila kukitumia. Ya tatu alikitumia. Nilijua hesabu yake, aliniambia mwenyewe. Baada ya hapo hakuja tena. Tulimpelekea futari nyumbani, na kila nilipofika alinikaribisha, akaniuliza habari za ukumbi kama mtu anavyouliza habari za nchi aliyohama. Wenzake nao wakapungua. Wengine wakaenda misikiti mikubwa, wengine wakabaki na televisheni. Chumba cha nyuma kikaanza kuwekewa viti vya arusi.

Alifia kwake, na khitma ikasomwa ukumbini. Wanawake walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuwaona, kutoka kila pembe ya Landani, hawakuenea nyuma. Mwalimu Seif akaamua wao wakae ukumbi wa mbele na mazulia yote wapewe wao, sisi wanaume tuingie chumba cha nyuma. Ulikuwa uamuzi wa heshima. Tulitandika mikeka tu.

Nilikuwa karibu na Mzee Haji. Alikuwa mzee sana sasa, kukaa chini kwake ni safari. Aliweka kiganja sakafuni, pembeni mwa mkeka, ajishushe. Akajishusha, lakini kiganja hakukiondoa.

"Khamis, mtambo umezimwa?"

"Haukuzimwa, mzee."

Akakisogeza kiganja mbele kidogo. Akakisogeza ukutani.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na Mize? Mize alikuwa ananijibu."

"Yeye ndiye aliyetukataza kusema."

Walikuwa wamegawa juzuu, yeye na yake mkononi. Niliona hakufunua ukurasa. Watu walimaliza, ikaombwa dua, akaitikia amin mahali pake. Nje, nilipokuwa namvisha kiatu, ndipo alipozungumza. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika.

"Kumbe nilikuwa nampelekea Zuwena baridi."

Wiki iliyofuata alikwenda kwenye kikao akaomba sakafu ivunjwe. Nilikuwapo, nikasema kazi naijua, nitaifanya bure, na Mzee Haji ameridhia. Mwalimu Seif alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa sauti ya mtu anayemshika mgonjwa. Alisema sadaka iliyotolewa kwa ajili ya maiti haina tena mwenyewe hapa duniani. Watachimba vipi jina la marehemu, walitupe kwenye takataka? Akasema pia, na ni kweli, kwamba akina mama wenyewe sasa ni wachache, na ukumbi ungefungwa.

"Mimi niliyeitoa nasema itoeni," alisema Mzee Haji.

"Ulishaitoa, mzee wangu. Si yako tena."

Dini sikuisoma kiasi cha kumjibu Mwalimu Seif. Mpaka leo sijui kama alikosea. Ninachokijua ni mabamba, na mabamba hayakuulizwa.

Ipo siku moja baada ya hapo. Mzee Haji alinikuta kwenye kabati la mtambo, lile ambamo mabomba yote yanakutana na kila chumba kina koki yake. Akaniuliza ipi ni ya nyuma. Nikamwonyesha. Akauliza, ikifungwa kitaharibika kitu? Nikamwambia hapana, maji ya moto yatakwenda mbele yote, yasipotee udongoni. Akauliza kushoto au kulia.

"Kulia, mzee."

Alishika koki kwa vidole vyake vyote. Ilikuwa ngumu, ilikuwa haijaguswa miaka. Ilimchukua muda mrefu na sikumsaidia, kwa sababu sikujua kama nina haki hiyo. Ilipofika mwisho ikaadhiniwa alasiri. Tukaenda mbele, tukasimama saf moja, yeye kulia kwangu, ameshikilia kiti lakini hakukikalia. Aliposujudu alikawia chini mpaka nikaogopa. Nami paji la uso wangu lilikuwa sakafuni, na, ingawa joto haliji upesi hivyo, niliona kama zege limepata moto zaidi ya kawaida, kwa kuwa sasa halina wa kugawana naye.

Upande wetu una joto mpaka leo.